Kipakatalishi cha Kwenda Nacho Marafa

Mtu anayeanza kupiga picha za anga hufika mahali ambapo darubini peke yake haimtoshi tena. Kamera inataka pa kuhifadhi picha, kitako chenye mota kinachoibeba darubini kinataka kuelekezwa, na mwenyewe anataka kujua papo hapo kama nyota zake zimetoka nukta au zimevutika kama punje za mchele. Hapo ndipo anapoanza kutafuta kipakatalishi cha kubeba usiku, na hapo ndipo sisi wa Pwani tunapokosa mwongozo unaotufaa, kwa sababu ushauri mwingi unaopatikana umeandikwa na watu wa nchi za baridi kwa ajili ya wenzao. Wao huhofia betri inayokufa ganzi kwa baridi kali na vidole visivyoweza kubonyeza kibodi. Anayetoka Malindi kwenda kusimamisha darubini kwenye mchanga wa Mambrui, au kupanda hadi Marafa karibu na makorongo ya Nyari, hana shida hizo hata kidogo. Shida zake ni chumvi, umande, joto, kukosekana kwa umeme, na usiku mrefu ambao haupungui mwaka mzima.

Ninaandika haya kwa kuwa nimeona vijana wenye hamu ya kweli wakitumia karibu fedha zao zote kwenye kompyuta yenye nguvu kubwa, halafu ikazimika kabla ya usiku wa manane. Ninaamini kwa dhati kwamba kompyuta ya kazi hii ichaguliwe kwa kuanza na umeme inaoutumia, kisha mwanga inaoutoa, kisha matundu yake, na kasi ya prosesa iwe jambo la mwisho kuulizwa.

Kabla ya hayo, ni haki nimwambie anayetazama kwa jicho tu kwamba hahitaji kipakatalishi. Simu yenye programu ya Stellarium itamwonyesha Zohali iko wapi, itamfikisha kwenye kundi la nyota la Omega Centauri na kwenye galaksi ziitwazo Mawingu ya Magellan, na kwa anayetaka kuona Kilimia hata simu haihitajiki. Fedha hizo ni bora azitie katika lenzi nzuri ya jicho. Kompyuta huwa ya lazima pale kamera inapoingia.

Kuna kazi moja inayoifanya kuwa ya lazima zaidi kwetu kuliko kwa mtu wa Ulaya. Kitako kinachofuata nyota lazima mhimili wake ulinganishwe na mhimili wa dunia, na mtu wa Ulaya hulifanya jambo hilo kwa kuchungulia nyota ya Polaris, iliyo karibu na ncha ya kaskazini ya anga, kupitia kijidarubini kilichomo ndani ya kitako chenyewe. Malindi iko takriban nyuzi 3.2 kusini mwa ikweta, kwa hiyo Polaris kwetu iko chini ya upeo wa macho, na ncha ya kusini ya anga, yaani nukta ambayo nyota za kusini huonekana kuizunguka, iko nyuzi tatu tu juu ya upeo huo, ndani ya utusitusi wa bahari na nyuma ya minazi. Ukiwa Mambrui mambo huzidi kuwa magumu, kwa kuwa upande huo wa kusini ndiko zinakowaka taa za mji wa Malindi. Hata kama ncha ingeonekana, nyota iliyo jirani yake, Sigma Octantis, ni hafifu kiasi cha kukaribia mpaka wa kile ambacho jicho linaweza kuona.

Ukaribu huo huo na ikweta ndio uliowaleta Waitaliano Ngomeni katika miaka ya 1960 na kuwafanya wasimamishe jukwaa la San Marco baharini. Roketi inayorushwa karibu na ikweta hupata msukumo wa ziada kutokana na mzunguko wa dunia, na kutoka hapo ni rahisi kuifikisha setilaiti katika njia inayopita juu ya ikweta. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei zinazotoka angani, ikapewa jina la Uhuru. Orodha yake ilifikisha vyanzo 339 vya eksirei, na Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Kila ninapopita njia ya Gongoni usiku nikiwa na mzigo wa vifaa hukumbuka kwamba mahali palipoifaa roketi kiasi hicho ndipo panapokipa kitako cha darubini taabu kubwa zaidi, na hufurahi kwamba taabu hiyo imepata dawa.

Dawa yenyewe ni programu. N.I.N.A., programu ya kupigia picha za anga ambayo hutolewa bure, ina kiongezo kinachopiga picha tatu katika sehemu tatu za anga, kikatambua nyota zilizomo katika kila picha, kikakokotoa mhimili umekosea kwa kiasi gani, kisha kikakuambia ugeuze skrubu ipi na upande gani. Hakihitaji kuiona ncha ya anga hata kidogo. Unaweza kutumia kipande chochote cha mbingu kilicho wazi. Kinachohitaji ni programu ya kutambua nyota, kama ASTAP, pamoja na orodha ya nyota iliyohifadhiwa ndani ya diski yako. Neno muhimu hapa ni ndani. Kuna huduma za intaneti zinazofanya kazi ya kutambua nyota kwa kupelekewa picha, nazo ni nzuri ukiwa nyumbani, lakini ukiwa Marafa na mtandao ukakuruka, usiku wako umekwisha. Kwa hiyo kila ninachosema kuhusu kipakatalishi hapa kinachukulia kwamba kitafanya kazi bila intaneti tangu jua kuzama hadi alfajiri.

Na alfajiri iko mbali. Hili la urefu wa usiku ndilo ninalotaka kulikalia, kwa maana ndilo linaloamua ununue nini. London mwezi wa Juni usiku hauingii giza kamili hata mara moja, na anayepiga picha za anga huko hujipumzisha. Kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano hivi, mwaka nenda mwaka rudi, na magharibi yetu ni fupi: dakika sabini hivi baada ya jua kuzama giza limekamilika. Halivunjiki mpaka karibu saa kumi na moja alfajiri. Hizo ni zaidi ya saa tisa za giza, iwe Januari wakati wa kaskazi au Julai wakati wa kusi. Mbingu ikiwa safi kipindi chote hicho, jambo linalotokea katika Januari na Februari, hutaki kuwa mtu anayefunga virago saa tano kwa sababu ya betri.

Sasa tupige hesabu. Kipakatalishi cha kawaida cha ofisini, chenye prosesa ambayo jina lake linaishia na herufi U, skrini ikiwa imepunguzwa mwanga na Wi-Fi imezimwa, hutumia takriban wati 10 kikiendesha programu ya kupiga picha na ya kuongoza kitako. Kwa saa tisa na nusu hiyo ni wati-saa 95. Betri iliyomo ndani ya kompyuta nyingi za aina hiyo ni ya wati-saa 45 hadi 60 ikiwa mpya. Maana yake ni kwamba hata kompyuta inayotumia umeme kwa uangalifu haitafika alfajiri kwa betri yake pekee, na ile ya kuchezea michezo, yenye prosesa ya wati 45 na kadi kubwa ya michoro, haitafika hata nusu ya safari. Kadi hiyo ya michoro haina la kukusaidia uwanjani. Kuunganisha picha na kuzisafisha ni kazi nzito kweli, lakini ni kazi ya mchana, nyumbani, penye feni na soketi ya ukutani, na inaweza kufanywa na kompyuta nyingine kabisa, hata ya kuazima.

Kwa hiyo bajeti ya kompyuta lazima iwe ni bajeti ya kompyuta na betri ya nje kwa pamoja. Mafundi wa sola wanazo siku hizi betri za lithiamu za fosfati ya chuma, na moja ya volti 12.8 na amp-saa 20 hubeba wati-saa 256, ambazo ni nyingi kuliko mahitaji ya kompyuta kwa usiku mzima, na bado unaweza kuibeba mkononi bila kuumia. Ukitaka iendeshe kitako na kamera yenye kipoza joto pia, nenda kwenye amp-saa 50. Betri ya gari ya asidi itafanya kazi kwa dharura, lakini ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua, na uzito wake juu ya pikipiki ni adha.

Namna ya kuutoa umeme huo kutoka kwenye betri na kuuingiza katika kompyuta ni jambo ambalo wengi hawalifikirii. Mazoea ni kununua inverta, kuugeuza umeme wa volti 12 kuwa 240, kisha kuchomeka chaja ya kawaida ambayo inaugeuza tena kuwa volti 20. Katika kupanda na kushuka huko unapoteza sehemu ya kutosha ya umeme wako kama joto, na feni ya inverta inapiga kelele usiku kucha. Kompyuta inayochajiwa kwa tundu la USB-C inakuepusha na hayo yote, kwa sababu unaweza kununua chaja ya gari ya wati 65 na kuiunganisha moja kwa moja na betri ya volti 12. Ningeipa sifa hii peke yake uzito kuliko prosesa, RAM na ukubwa wa diski vikijumlishwa pamoja. Ukikuta kompyuta mbili zinazolingana, moja inachajiwa kwa USB-C na nyingine kwa pini ya duara ya kampuni yake tu, chukua ya kwanza bila kusita.

Mfano ninaoupenda ni ThinkPad T480 ya Lenovo, iliyotoka mwaka 2018 na ambayo sasa huletwa nchini kama mtumba wa ofisi. Inachajiwa kwa USB-C, na ina betri mbili, moja ndani na moja nje, kiasi kwamba ile ya nje unaweza kuichomoa na kuweka nyingine iliyojaa bila kuzima kompyuta. Simtangazii mtu biashara. Zipo za kampuni nyingine zinazokaribia hapo. Ninaitaja kwa sababu inaonyesha ni vitu gani vya kutafuta: kompyuta iliyotengenezwa kwa mfanyakazi wa kusafiri, yenye betri inayobadilishika, matundu ya kutosha, na vipuri ambavyo fundi anavijua.

Kuhusu mwanga nina hisia kali, na sitaomba radhi kwa hilo. Jicho huchukua dakika ishirini hadi thelathini kulizoea giza, na skrini nyeupe inaufuta uzoefu huo kwa sekunde chache. Uwanjani kwetu mtu hayuko peke yake. Ukisimamisha darubini Mambrui, haipiti saa moja kabla watoto, wavuvi na wazee hawajasogea kuuliza unatazama nini, na ninaona ni wajibu wangu kuwaonyesha. Mzee mmoja aliyekulia baharini alikuja akakaa kimya kando yetu, akatazama juu kwa muda mrefu, akaanza kutuonyesha kwa kidole nyota alizokuwa akizifuata walipokuwa wakisafiri kwa jahazi kwenda Lamu usiku. Wakati huo huo mwenzetu akafungua kompyuta yake. Mzee akaweka kiganja machoni, akasema kwa upole, "Zima hiyo taa, mwanangu, nyota zote zimekimbia." Alichokisema kilikuwa sahihi kisayansi, na tangu hapo sitaki kuona skrini isiyofunikwa karibu na darubini.

Hali ya usiku iliyomo katika Windows haitoshi, kwa kuwa inaigeuza skrini kuwa ya rangi ya chungwa tu. Stellarium ina hali yake nyekundu, na N.I.N.A. nayo ina mandhari ya rangi nyekundu iliyokoza, lakini dirisha dogo la onyo likitokea ghafla huja jeupe vilevile. Isitoshe, skrini za kawaida zina taa nyuma yake inayowaka muda wote, na hata sehemu inayoonekana nyeusi huvujisha mwanga wa kijivu. Suluhisho ni karatasi nyekundu ya plastiki, tabaka mbili au tatu, iliyokatwa kwa kipimo cha skrini na kushikizwa pembeni. Kwa sababu hiyo chagua skrini isiyong'aa kama kioo, na dukani uipunguze mwanga hadi mwisho uone inashuka kiasi gani. Zipo ambazo hata zikiwa chini kabisa bado zinamulika uso wako. Hakikisha taa za kibodi zinazimika. Vile vitaa vidogo vya kuonyesha chaji vinafunikwa kwa utepe mweusi wa fundi umeme, na hilo halina gharama.

Matundu. Kitako kina waya wake wa USB, kamera kuu ina wake, kamera ndogo inayokiongoza kitako kisiiache nyota ina wake, na mota ya kurekebisha fokasi ina wake. Hayo ni manne kabla hujachomeka kipanya. Kompyuta nyembamba za siku hizi zenye matundu mawili ya USB-C pekee zinakulazimisha kutegemea adapta, na katika giza, juu ya mchanga, penye upepo wa kusi unaozivuta nyaya, adapta ndiyo ya kwanza kuchomoka. Ningependa angalau matundu mawili ya USB ya kawaida ya kizazi cha tatu, pamoja na kigawanyo cha USB kinachopata umeme wake kutoka kwenye betri ya nje badala ya kuinyonya kompyuta. Ukichunguza kompyuta ya mtumba, chomeka waya katika kila tundu na uutikise taratibu. Tundu linalolegea litakukatia kamera katikati ya kazi, na ukarabati wake si rahisi.

Kizazi cha tatu nakisisitiza kwa ajili ya sayari. Mushtarii hupita juu kabisa kichwani mwetu katika misimu yake, mahali ambapo hewa ni nyembamba na picha hutulia, bahati ambayo watu wa kaskazini huitamani. Lakini sayari hiyo hujizungusha mara moja chini ya saa kumi, hivyo una dakika mbili au tatu tu za kurekodi kabla mawingu yake hayajasogea. Tuseme kamera inachukua picha za pikseli 640 kwa 480, zaidi ya 150 kwa sekunde: hizo ni karibu megabaiti 46 kila sekunde, na zaidi ya gigabaiti tano kwa dakika mbili. USB ya kizazi cha pili kwa kawaida haifiki hapo, na diski ya kizamani yenye sahani inayozunguka inaweza kukwama, mbali na kuwa haipendi kutikiswa. Diski ya SSD ni sharti. Kwa nebula, yaani mawingu ya gesi na vumbi angani, na kwa galaksi mambo ni mepesi zaidi: picha moja ya kamera ya pikseli milioni 26 ni takriban megabaiti 52, na ukipiga moja kila dakika tatu utajaza gigabaiti moja hivi kwa saa. SSD ya gigabaiti 256 inatosha ikiwa unaimwaga kila unaporudi nyumbani. RAM ya gigabaiti nane inatosha pia.

Sasa unyevu, ambao kwetu unafanya kazi kinyume cha inavyoandikwa kwingine. Wenzetu wa nchi za baridi huonywa wasiingize kompyuta baridi katika chumba chenye joto. Kwetu hatari iko wakati wa kutoka. Ikiwa kompyuta imekaa mchana kutwa katika ofisi yenye kiyoyozi cha nyuzi 20, halafu ukaitoa moja kwa moja katika hewa ya usiku wa Malindi, ambayo imejaa mvuke, maji yatatunga juu yake na ndani yake kama hewa hiyo itaingia. Iache ndani ya mkoba uliofungwa mpaka ipate joto la nje, ndipo uifungue. Ikishawashwa, joto lake lenyewe litaikinga, ila kifuniko kinachotazama mbingu hupoa na kulowa umande. Mimi huiweka ndani ya kreti la plastiki lililolazwa ubavu na kufunikwa kitambaa cheusi mbele. Kreti linazuia umande, linazuia mchanga unaopeperushwa, na linaficha mwanga wa skrini kwa wakati mmoja. Chini yake naweka sinia, maana feni iliyo tumboni mwa kompyuta ikikaa juu ya mchanga itauvuta wote.

Chumvi ndiyo adui wa polepole. Ufukweni huwezi kuiona, lakini baada ya muda utaona kutu ya kijani katika midomo ya nyaya. Kitambaa chenye unyevu kidogo kikifuatwa na kikavu, kila unaporudi, na mkoba wenye vifuko vya kufyonza unyevu, vinasaidia sana. Marafa na vijiji vya bara vina nafuu ya chumvi, ingawa vumbi jekundu huchukua nafasi yake. Zipo kompyuta zisizo na feni, na wazo lake linavutia kwa mazingira haya, lakini nyingi ni za bei nafuu zenye diski ya polepole na matundu machache, kwa hiyo nimebaki na feni. Zile ngumu za Panasonic Toughbook zilizotengenezwa kustahimili vumbi na maji ni za kuaminika. Uzito wake unamfaa mwenye gari kuliko anayepanda bodaboda.

Kuhusu mfumo, nitasema kwa ufupi. Madereva ya kamera na vitako, yaani programu ndogo zinazoiwezesha kompyuta kuwasiliana na kifaa, mengi yameandikwa kwa ajili ya ASCOM, mfumo wa kuunganisha vifaa vya anga ambao ni wa Windows, na N.I.N.A. pia ni ya Windows. Anayependa Linux ana KStars, ramani ya anga, na Ekos iliyomo ndani yake ya kuendesha vifaa, ambazo ni imara na haziombi umeme mwingi, na KStars hupatikana kwa Mac vilevile. Kompyuta mpya za Windows zenye prosesa za ARM zina betri za ajabu, lakini uulize kwanza kama kamera yako ina dereva wake. Microsoft ilisitisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, hivyo katika mitumba hapo ndipo pa kuweka mstari. Katika jina kama i5-8250U, ile nane baada ya kistari ndiyo kizazi.

Ukiwa dukani, Mombasa au popote, muuzaji atakuonyesha jinsi inavyowaka haraka. Wewe fungua dirisha la amri (Command Prompt), uandike powercfg /batteryreport, na uisome ripoti itakayotokea. Ina mistari miwili ya maana: uwezo ambao betri iliundwa nao, na uwezo wake ikijaa leo. Betri ya wati-saa 48 ambayo leo inajaa 31 itakupa saa tatu kwa matumizi ya wati 10, na hiyo ni sababu nzuri ya kuomba kupunguziwa bei, au kuomba betri nyingine juu yake. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Niliyemkuta mimi alikaa akaisoma ripoti pamoja nami, akasema hakuwa amewahi kuulizwa swali hilo na mteja.

Ikishakuwa yako, kazi ya kwanza ni kuifundisha kuishi bila mtandao. Pakua orodha za nyota zote mapema. Simamisha masasisho ya Windows, kwa maana kompyuta inayoamua kujiwasha upya saa saba za usiku inakata kazi ya saa nzima. Weka eneo: latitudo ni hasi 3.2 na longitudo ni chanya 40.1 kwa Malindi. Weka saa sawasawa kabla ya kuondoka, kwa kuwa kila dakika moja ya kosa inaisogeza darubini robo ya nyuzi, na kumbuka kwamba saa mbili yetu ya usiku katika programu huandikwa 20:00, saa za Nairobi, tatu mbele ya saa ya kimataifa.

Kisha subiri mwezi mpevu, wakati ambao huna haja ya kwenda popote, uipandishe kompyuta kwenye paa la nyumba na vifaa vyote vikiwa vimeunganishwa. Zima Wi-Fi, chomoa chaja, funika skrini kwa karatasi yake nyekundu, na uiache ipige picha za dakika tatu tatu hadi ijizime yenyewe. Andika ilizimika saa ngapi. Toa muda huo katika saa tisa na nusu, zidisha kinachobaki kwa wati ambazo kompyuta hutumia, ongeza za kitako na kamera kwa usiku mzima, na jibu utakalolipata ndilo umpelekee fundi wa sola.